Kidau kwanza, tanga baadaye

MOSHI haina bahari, lakini maji inayo. Kusini mwa mji, mwendo wa kilomita 50 hivi, lipo Bwawa la Nyumba ya Mungu. Upande wa Rombo lipo Ziwa Chala, limekaa ndani ya kreta ya volkano mpakani na Kenya. Ukivuka Milima ya Upare Kaskazini unakutana na Ziwa Jipe, wilayani Mwanga.

Pamoja na maji yote hayo, habari za michezo mkoani Kilimanjaro ni zilezile: mpira wa miguu, Kilimanjaro Marathon na kupanda mlima. Mashua za matanga zinaonekana ni starehe ya watu wa Msasani, Dar es Salaam, na Raskazone, Tanga.

Si lazima iendelee hivyo. Nyumba ya Mungu ni bwawa pana, na vijana wa Mwanga na Moshi Vijijini hawana upungufu wa nguvu. Shule, hoteli au kikundi chochote kikiamua kuleta mchezo huu chini ya mlima, kitastahili pongezi.

Ila kabla ya kufungua pochi kuna jambo la kukaa chini na kulifikiria. Wengi wakisikia mchezo wa matanga, akili yote inakwenda kwenye mashua kubwa. Bei yake ni shilingi ngapi? Ina matanga mangapi? Itapakwa rangi gani? Swali ambalo halimjii mtu ni dogo tu: watu watatokaje ufukweni hadi kwenye hiyo mashua, na usiku ukiingia watarudije?

Watu wa mpira wanaijua hadithi hii. Klabu inasajili mshambuliaji kwa mbwembwe, picha zinapigwa, skafu zinainuliwa, halafu ligi inakaribia kuanza ndipo inakumbukwa kwamba hakuna kipa wa akiba. Kwenye mashua, kipa wa akiba ni kidau: kile chombo kidogo kinachowavusha watu, chakula, maji na mafuta kutoka nchi kavu hadi kwenye mashua iliyotia nanga.

Mashua ya matanga yenye mkuku mrefu haiwezi kusogea hadi ukingoni, itakwama. Ndiyo maana Msasani na Tanga mashua nyingi hukaa nje, majini, na wenyewe huzifuata kwa vidau. Nyumba ya Mungu hali ni hiyohiyo na zaidi. Maji ya bwawa hupanda mvua zikinyesha na kushuka wakati wa ukame, na ukingo unahama pamoja nayo. Gati lililojengwa baada ya masika linaweza kukutwa limesimama kwenye tope lililokauka kabla mwaka haujaisha. Kidau hakijali ukingo umehamia wapi. Kinafuata maji.

Hapo ndipo kimbembe kinapoanza, kwa sababu chombo kinachotumika kila siku ndicho kinachodharauliwa kila siku. Kwenye mashua kubwa watu huvaa majaketi ya kuokolea maisha, husikiliza maelekezo, hukaa walikoambiwa. Kwenye kidau wanajazana sita mahali pa watatu, mmoja anasimama apige picha, na jaketi zinaachwa ufukweni. Ukiuliza unajibiwa, "Tunafika hapo tu."

Hiyo "hapo tu" imeshaligharimu taifa. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichoruhusiwa kubeba abiria 101 kilipinduka Ziwa Victoria kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara. Watu zaidi ya 200 walikufa, wakati nchi kavu ilikuwa inaonekana kwa macho. Kivuko na kidau ni vyombo tofauti, lakini hesabu ya kuzidisha watu ni moja. Na kwa asiyejua kuogelea, mita 50 na kilomita 50 ni umbali uleule.

Moshi ina sababu ya kulichukulia hili kwa uzito kuliko Tanga. Mtoto wa pwani anakua akichezea maji ya chumvi. Mtoto wa Kibosho, Machame au Marangu anakua mgombani, na maji anayoyafahamu ni ya mfereji, anayaruka kwa hatua moja. Akipelekwa Nyumba ya Mungu au Jipe anakutana na maji yenye kina, tena maji ambayo yana viboko na mamba. Kule hakuna cha kusema kidau kikipinduka watu wataogelea tu.

Kwa hiyo kidau kichaguliwe kwa kazi, si kwa macho. Kitu cha kwanza ni watu. Kidau chenye urefu wa mita 2.5 ni cha watu wazima wawili, watatu kwa kubana. Cha mita tatu ni cha watatu hadi wanne, maji yakiwa yametulia. Vidau vya kiwandani huwa na kibao kinachotaja idadi ya watu, uzito wa mwisho na ukubwa wa injini. Kibao hicho kisomwe kabla ya bei. Kama kikundi kina watu wanane, basi ni safari tatu, siyo kidau kimoja kilichozama hadi ukingoni.

Kitu cha pili ni uzito, na hapa watu wa Moshi ndio walimu. Mlimani, mzigo wa mgumu hautakiwi kuzidi kilo 20, na getini unawekwa kwenye mizani. Kipimo hicho kihamishiwe kwenye kidau. Watu wawili wabebe kilo 40, wanne wabebe 80. Anayefikiria Ziwa Chala ajiulize mara mbili, maana kuta za kreta ni kali na chombo hubebwa kwa mikono hadi majini. Kushuka ni rahisi. Mwenye kidau cha kilo 100 atakumbuka jioni kwamba kuna kupanda.

Injini nayo ina uzito wake. Ile ndogo kabisa, ya nguvu za farasi mbili na nusu, hufika kilo 13 hadi 18 kabla ya mafuta. Kuna wanaofunga injini kubwa kwa kidau kidogo ili kiruke. Kitaruka kweli, kwa sababu nyuma, yaani tezi, itadidimia na mbele, yaani omo, itanyanyuka, na upepo ukipiga vibaya kinageuka chali. Hata injini iwe mpya namna gani, makasia mawili yawemo. Petroli huisha, plagi huchafuka, kasia halina plagi.

Kitu cha tatu ni chombo kimetengenezwa kwa nini. Boti ya mpira ya kujaza upepo ni nyepesi, haipinduki kirahisi na inakunjwa ikaingia kwenye buti la gari. Ubaya wake ni jua na mawe. Zile za plastiki ya PVC ni za bei nafuu, lakini jua kali hulegeza gundi na mishono. Zile za Hypalon huvumilia jua zaidi na hugharimu zaidi. Ukiiburuta yoyote kati ya hizo juu ya mawe ya volkano, utanunua viraka hadi uchoke.

Boti ya faiba haiogopi jua sana wala mawe madogo, ila ni nzito na inayumba mtu akikanyaga pembeni. Isiwe na mwili wa faiba mtupu. Iwe na sehemu za hewa au povu zilizofungwa, ili hata ikijaa maji ibaki inaelea na watu wapate pa kushikilia.

Halafu kuna mbao. Hapa wengi wanaruka hatua, wanakimbilia kuagiza nje wakati Nyumba ya Mungu ina wavuvi wanaoishi juu ya mitumbwi na mafundi wanaoitengeneza. Kidau cha mbao cha fundi mzuri, kipana kitakoni, kinaweza kuwa jibu sahihi kwa kikundi kinachoanza. Kikipasuka, anayekijua yuko jirani. Boti ya kutoka Ulaya ikiharibika vali, inasubiri kifaa cha meli.

Lakini kununua ni kipindi cha kwanza tu. Mechi inaamuliwa na matunzo.

Boti ya upepo iangaliwe kama mpira wa mechi. Kila mchezaji anajua mpira uliojazwa asubuhi ya baridi unakuwa mgumu ukiachwa juani saa sita. Boti ni vilevile: ikijazwa hadi mwisho alfajiri kisha ikaachwa juani mchana, mishono inafumuka. Ikishushwa kwenye maji baridi, inalegea. Ipimwe ikiwa majini, iongezwe upepo pale, na ikitolewa ifunikwe au iwekwe kivulini.

Cha mbao kinataka kinyume chake. Kikiachwa juani wiki nzima bila maji, mbao husinyaa na nafasi kati yake hufunguka, kisha siku ya safari kinavuja kama tenga. Kiwekwe kivulini, kiloweshwe, kikalafatiwe kwa pamba na mafuta kabla ya msimu, siyo baada ya kuvuja. Watu wa pwani husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngamani ndiko maji yanakokusanyika. Basi ngama ikaguliwe kila siku, na kopo la kutolea maji lifungwe kwa kamba lisije likaelea peke yake.

Chombo kilichotoka Tanga kioshwe kwa maji baridi, injini nayo izungushiwe maji hayo ndani hadi chumvi itoke. Maji ya mlima yapo, hakuna kisingizio. Kinachohamishwa kutoka Nyumba ya Mungu kwenda Chala au Jipe kisafishwe na kukaushwa kabisa kwanza, ili kisisafirishe magugu ya ziwa moja kwenda jingine.

Kamba nayo ina habari yake. Pwani, bamvua likiingia, maji hupanda na kushuka kwa mita tatu hadi nne. Kidau kilichofungwa kwa kamba fupi wakati wa maji kujaa kitakutwa kinaning'inia yakishapwa. Kamba iwe ndefu, isiwe imechakaa, na kusiwe na uzi unaoning'inia karibu na panga la injini. Kizibo cha chini kikaguliwe kabla ya kidau kugusa maji. Ni kipande kidogo cha mpira au plastiki, na kikisahaulika safari inaishia hatua kumi.

Haya yote hayahitaji bajeti ya wizara. Yanahitaji mtu. Penye chombo cha wote, kila mmoja anadhani mwenzake amekagua. Kikundi kitakachoanzisha mchezo huu Kilimanjaro kimteue mtu mmoja wa kidau, jina lake liandikwe ukutani, awe na daftari la ukaguzi na awe na mamlaka ya kusema "leo hatutoki". Hata mwenyekiti akiwa amekuja na wageni, neno la huyo mtu liwe la mwisho.

Majaketi yanunuliwe kabla ya jezi. Idadi yake ilingane na idadi ya watu, na saizi za watoto ziwepo. Yavaliwe tangu ufukweni, kwa sababu jaketi lililokaliwa kama mto halijawahi kumwokoa mtu. Usiku, kila kidau kiwe na taa na filimbi.

Wavuvi wa bwawani, kupitia vikundi vyao vya usimamizi wa uvuvi, wakaribishwe mezani tangu siku ya kwanza. Wao ndio wanaojua upepo unakuja saa ngapi na viboko wanatokea wapi. TASAC, wenye jukumu la usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara, waulizwe masharti kabla ya chombo kununuliwa, siyo siku ya uzinduzi bendi ikiwa imeshapanga vyombo vyake.

Anayedhani hii ni habari ndogo akumbuke Bukoba. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja, watu 19 walipoteza maisha na 24 wakatoka hai. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, na walifika kwa mitumbwi. Hawakwenda kutafuta kizibo wala kuulizana makasia yako wapi. Vyombo vyao vilikuwa tayari kwa sababu ndivyo vinavyowalisha kila siku.

Viongozi wa michezo mkoani Kilimanjaro wakiletewa ombi la kufungua klabu ya matanga, wasianze kwa kuuliza ukubwa wa mashua. Waombe kuonyeshwa kidau, kigeuzwe chini juu, wahesabu makasia na majaketi, kisha waulize nani anakitunza. Jibu likichelewa, ombi lirudishwe.