Mamluki na Sindano

Husemwa, hata na watu wazima, kwamba mwanariadha atumiaye dawa za kuongeza nguvu ni mvivu apendaye njia ya mkato. Sisi hatukubali. Mvivu hafiki kamwe kwenye mashindano ambamo dawa hizo hutafutwa. Azitumiaye mara nyingi ni mtu wa bidii, tena mwenye kipaji, ila ameingiwa na shaka mbili: kwamba miguu yake haitoshi, na kwamba wenzake wote wanatumia.

Tutazame habari za Asbel Kiprop wa Kenya. Katika mbio za mita 1500 za Olimpiki ya Beijing, mwaka 2008, alimaliza wa pili nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Baadaye ilibainika kuwa Ramzi alitumia dawa. Akavuliwa medali, na dhahabu ikamwendea Kiprop. Lakini shangwe za siku ile uwanjani, nani angemrudishia? Kiprop akawa bingwa wa dunia mara 3. Kisha sampuli aliyotoa Novemba 2017 ikakutwa na EPO, naye, ingawa alikana, akafungiwa miaka 4 mwaka 2019. Aliyekuwa amedhulumiwa na dawa akahukumiwa kwa dawa.

EPO ni tiba ya wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu. Huongeza chembe nyekundu zichukuazo oksijeni. Hewa haba ya milimani nayo hufanya kazi hiyo, polepole na bila malipo. Kijana wa Njombe, mji ulioko karibu mita 2000 juu ya usawa wa bahari, huipata akikimbilia shule katika baridi ya Juni, wakati tajiri wa pwani akiitafuta kwa sindano! Ati basi vijana wetu wamesalimika? La hasha. Iten, yalipo makazi ya wakimbiaji wengi wa Kenya, iko juu kuliko Njombe. Kasoro haikuwa katika damu.

Hapa twawageukia walimu wenzetu. Msimu wa UMISSETA ukaribiapo, neno mamluki husikika: mchezaji asiye mwanafunzi, aliyevikwa sare na kupewa jina la mtoto mwingine. Tuseme mwalimu wa Njombe anajitetea kwamba wale wa Makambako wataleta mamluki, naye afanyeje? Na wa Makambako, kilomita 60 hivi kutoka hapo, anasema hayo hayo juu ya Njombe. Wanafunzi wapo, wanasikiliza. Mtoto aliyewekwa benchi ili mamluki acheze amekwisha kufundishwa zile shaka mbili, tena na mtu amwitaye mwalimu. Siku atakapoletewa kidonge na rafiki, hatakuwa na la kujifunza upya.

Tutajibiwa kwamba shule inahitaji kombe, na kwamba mkuu wa shule huuliza matokeo wala haulizi majina. Ni kweli, huuliza hivyo. Lakini kombe lile litawekwa kabatini, na watoto walioshangilia watajua siku zote ni nani aliyefunga bao.

Tunalolidai ni dogo. Mwalimu aipeleke timu yake halisi, wafupi na wembamba wake wote. Ikifungwa mabao sita Makambako, apande nayo basi la kurudi Njombe, na njiani awaulize wachezaji ni beki gani aliyeacha nafasi wazi.