Bahari Haisomi Kadi ya Harusi

"Mgeni kazi yake ni kuja. Mengine atayajua huko huko."

Aliyesema hivyo ni mwenyekiti wa kamati ya harusi ambayo na mimi nimo, mtu mzima mwenye wajukuu, na wajumbe wakampigia makofi. Mimi nilikuwa nimeuliza jambo dogo. Maharusi wetu hawataki ukumbi, wanataka kufunga ndoa kwenye fungu la mchanga la Nakupenda, mwendo wa kama nusu saa kwa boti kutoka Mji Mkongwe, Unguja. Sawa, harusi ni yao. Je, tusiwaandikie wageni mistari michache: boti inapakia wapi, saa ngapi, wavae nini? Nikajibiwa kwamba huko ni kuwadharau watu. Ati mtu mzima hafundishwi kwenda harusini.

Imani hii imeenea mno: kadi ni heshima, maelezo ni masimango. Tumeizoea ukumbini. Ukumbini ukichelewa utakuta kiti, ukipotea utafuata sauti ya MC (na hawa ma-MC wetu husikika mtaa wa tatu, sijui nani aliwaambia wageni ni viziwi). Kadi ikisema saa 12 jioni, kila mtu anajua ni saa 2 usiku. Uongo huo tumekubaliana sote na hauumizi mtu.

Sasa mpelekee bahari uongo huo.

Kamati yetu, kwa mapenzi yake ya picha, imechagua siku ya mwezi mpevu, saa 10 jioni. Mvuvi yeyote wa Malindi ya Unguja angewaambia bure: mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa, na siku za bamvua maji ya Unguja hujaa karibu na saa hiyo hiyo ya 10. Kati ya kupwa na kujaa, maji hupanda karibu mita 4. Nakupenda ni fungu, halina mnazi wala jiwe. Maji yakijaa linafunikwa. Yaani kasisi, keki, maharusi na mama wakwe wawili wamepangiwa kusimama mahali ambapo saa hiyo kuna samaki. Wangesogeza juma moja tu, siku za maji mafu, wangekuta saa 10 maji yanakupwa. Lakini kutazama jedwali la maji ni kufundishana, na sisi hatufundishwi.

Mjumbe mmoja, dada mwenye kauli tamu, alitoa hoja aliyoiona nzito: tukieleza mno, "sapraizi" itaharibika. Sapraizi ya nani, dada? Ya shangazi yangu, atakayeshushwa kwenye boti akiwa na gauni la sare na viatu vya kisigino, maji magotini, pochi kichwani? Au ya bibi mwenye kisukari atakayeuliza choo kiko wapi, aonyeshwe Bahari ya Hindi? Kule choo hakuna, maji ya kunywa hakuna, na kivuli ni kile mlichokwenda nacho. Mambo haya hayana utamu wa kushtukizwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tunajua kutoa maelezo tunapotaka. Tazama ujumbe wa mchango! Namba ya simu ipo, jina litakalotokea lipo, tarehe ya mwisho ipo, kiwango cha single na cha double kipo, na usipotuma unakumbushwa asubuhi, mchana na usiku, hata ukiwa msibani. Hapo hakuna anayesema mtu mzima atajua mwenyewe. Pesa ya mgeni inaelekezwa hatua kwa hatua mpaka iingie. Mgeni mwenyewe anaachwa gatini akiuliza makuli.

Na kuna ndugu anayetoka Uingereza na pasipoti ya huko. Tangu Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar hulipia bima ya dola 44. Hakuna aliyemwambia. Atajua huko huko, kwenye foleni.

Nilipouliza boti ina majaketi mangapi ya kujiokolea, watu walicheka, mmoja akasema ninaleta mkosi kwenye shughuli. Nchi iliyozika watu wa meli ya Spice Islander iliyozama mwaka 2011, na wa meli ya Skagit mwaka uliofuata, hukohuko kwenye maji ya Zanzibar, inalionaje swali hilo kuwa mkosi? Mkosi ni kupakia watu 60 kwenye boti ya watu 30 kwa sababu harusi haisubiri.

Sina ugomvi na fungu la mchanga. Oeni huko, oeni pangoni, oeni juu ya mbuyu mkipenda. Ila ukimtoa mtu ukumbini, umemtoa penye vitu anavyovijua, na ni juu yako kumwambia atakuta nini.

Kwa hiyo ndugu mwenyekiti, kikao kijacho naomba ajenda moja. Kadi ziandikwe nyuma: mahali pa kupandia boti na saa ya kuondoka iliyo ya kweli, saa maji yanapokupwa, ndala badala ya visigino, nguo isiyoogopa maji, kofia, dawa zako, na kwamba choo hakuna mpaka mrudi mjini. Kama mistari hiyo ni mizito kwa kamati, rudisheni harusi ukumbini, na mchango wangu wa double mtaupata siku hiyo hiyo.