Kompyuta pekee haitaokoa macho ya watoto njiti

MAMA wa Ziwani anayejifungua kabla ya wakati hahitaji kwenda mbali: Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka wa 1926, iko jirani. Oksijeni humwokoa mtoto njiti, lakini ikizidi huweza kuharibu mishipa ya damu ya retina, nyuma ya jicho. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka wa 1950, alipofuka hivyo.

Mzazi hawezi kuuona ugonjwa huu. Daktari bingwa ndiye huichunguza retina, takriban wiki nne baada ya mtoto kuzaliwa, na mabingwa hao ni wachache. Hapo ndipo kompyuta inapofaa. Mwaka wa 2018 watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa programu iliyofunzwa kwa maelfu ya picha za retina hutambua dalili kali sawa na mabingwa.

Hata hivyo, kompyuta haitibu. Dalili kali zikigunduliwa, tiba ya leza yapasa kutolewa ndani ya saa 72. Isitoshe, kufikia wiki ya nne baadhi ya watoto wamekwisharuhusiwa kurudi nyumbani. Kwa hivyo, wanaonunua mitambo sharti pia waajiri madaktari, na wahakikishe kila mama anaondoka wadini akijua siku ya kurejea.