Kufomati si Kutengeneza

Nimechoka na neno moja: fomati. Simu imekwama? Fomati. Lapi imekuwa nzito? Fomati. Umesasisha Linux, ukaamka asubuhi waifai haipo? "Hiyo ni ya kufomati tu, boss." Mafundi wanalisema, mabinamu wanalisema, hata jamaa wa cyber ambaye kazi yake ni kuchapa barua za watu analisema. Mimi nasema hivi: mtu anayefomati mashine bila kujua kosa liko wapi hajatengeneza kitu. Amefuta ushahidi, kisha akakutoza pesa.

Nina sababu ya kuwa na hasira. Miaka miwili iliyopita lapi yangu ilipoteza intaneti, nikaipeleka kwa fundi mjini. Jioni nikairudishiwa ikiwa safi kabisa. Safi kama daftari la Januari. Hadithi kumi na moja na nusu ya riwaya zilikuwa zimeenda. Najua, ningeweka nakala kwingine. Nimeambiwa hivyo na kila mtu hadi mama. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba hadi leo sijui lapi ile ilikuwa na shida gani. Fundi naye hajui. Tulilipa bei hiyo yote na hakuna aliyejifunza chochote.

Mwaka huu ikanipata tena. Nilitoa Ubuntu 22.04 nikapanda 24.04, usiku, kwa sababu bando ya usiku ni rahisi. Asubuhi waifai haikuwa imekatika tu, haikuwepo. Hata ile alama ya kuiwasha ilikuwa imetoweka. Nilikuwa na makala ya kutuma kabla ya saa sita mchana, na malipo yake ndiyo yalikuwa kodi ya nyumba. Nikampigia fundi yule yule, maana nambari yake bado ninayo. Unajua aliniambia nini.

Safari hii nilikataa. Nikachomeka simu kwa lapi na waya wa USB, nikawasha mtandao wa simu ushirikishwe. Intaneti ikaingia papo hapo. Linux huiona simu kama waya wa kawaida wa mtandao, na kwa simu nyingi huhitaji kusakinisha kitu. Makala ikaenda. Lakini pia nikawa nimejua jambo: mtandao wa mashine haukuwa umekufa. Anwani zinafanya kazi, majina ya tovuti yanapatikana, kivinjari kiko sawa. Shida ilikuwa kwa waifai peke yake.

Hapo ndipo nikakumbuka chuo. Nilisomea kompyuta hadi mwaka wa tatu, karo ikanishinda, nikatoka. Kabla ya kutoka nilikuwa nimekariri tabaka saba za OSI mara tatu kwa mitihani mitatu, na kila mara nilipata alama zote. Hakuna siku hata moja tuliyoambiwa kwamba tabaka hizo zinaweza kuwa ngazi ya kutafutia kosa. Unaanza chini, unapanda. Kifaa kipo? Drayva imekishika? Anwani imepatikana? Ukifanya ping 8.8.8.8 ikajibu, lakini majina ya tovuti yakikataa, basi shida iko kwa DNS, achana na waifai yako. Hiyo ni akili ya fundi wa mabomba anayefuata bomba hadi pale penye maji. Sisi tulifundishwa kuimba majina ya mabomba.

Basi nikaanza chini. Amri ya rfkill list ikaniambia redio haijazimwa. Ya ip link haikuonyesha waifai kabisa. Ya lspci -k ikaonyesha chipu iko mahali pake, lakini hakuna drayva inayoitumia. Nikazima, nikawasha tena, na kwenye menyu ya GRUB nikachagua kerneli ya zamani, 5.15, badala ya mpya, 6.8. Waifai ikarudi. Chipu haikuwa imeungua. Kilichobadilika ni kerneli tu.

Kerneli ndiyo kiini cha mfumo, na drayva nyingi huja ndani yake. Lakini chipu zingine drayva zake hukaa nje, na lazima zijengwe upya kila kerneli inapobadilika. Kazi hiyo hufanywa na DKMS, nayo inahitaji kifurushi cha linux-headers cha kerneli ile ile. Nikaandika dkms status. Drayva yangu ilikuwa imejengwa kwa 5.15. Kwa 6.8, hakuna.

Na kwa nini hakuna? Kwa sababu mimi mwenyewe, miezi kadhaa nyuma, nikitafuta nafasi kwa diski, nilifuta headers nikidhani ni takataka. Kosa halikuwa la Ubuntu wala la chipu. Lilikuwa langu. Nikarudisha linux-headers-generic, DKMS ikajenga drayva yenyewe, nikawasha kerneli mpya, waifai ikapanda. Kifurushi hakikufika MB mia moja. Na riwaya, ile niliyoanza upya, haikuguswa.

Sasa fikiria ningefomati. Waifai huenda ingerudi. Lakini ningebaki na uwongo kwamba Linux ni mbaya, na tabia ile ile ya kufuta nisichokijua. Baada ya miezi michache tungekuwa pale pale, mimi na fundi, tukisingizia virusi.

Kuna wenzangu watasema dawa ni kurudi Windows. Rudi ukitaka. Lakini mfumo wowote unaosasishwa unaweza kupoteza drayva, na huko pia kuna mtu anasubiri na flashi yake afomati.

Siwalaumu mafundi peke yao. Fundi ana lapi tisa mezani na kila mwenyewe anataka yake saa kumi. Ukiambiwa utoe mia tano ili ujue tu shida ni nini, kabla ya chochote kurekebishwa, utatoa? Hutoi. Tunalipia mashine kuwaka, hatulipii maelezo, halafu tunashangaa hakuna anayetueleza kitu. Vyuo navyo vinatunuku aliyekariri, na aliyewahi kufungua mashine iliyoharibika hapati alama yoyote kwa hilo.

Kwa hivyo ninaomba mambo mawili. Ukienda kwa fundi, kabla hajaguswa na shauku ya kufuta, muulize: "Kosa ni nini, na umejuaje?" Akikujibu vizuri, mlipe hata kama hajashika bisibisi. Akisema fomati bila kuangalia, chukua lapi yako uende. Na wewe unayejua kidogo, andika ulichokiona, kwa Kiswahili, mtu mwenye bando ya shilingi ishirini akisome na akielewe. Mimi nimeanza na hii.