Mzigo Ukichelewa, Nani Alipe?

Msimu wa alizeti unapofika, wafanyabiashara wengi wa Singida, Iramba na Mkalama hupiga hesabu ya bei ya gunia, nauli ya lori, ushuru wa halmashauri na fungu la dalali. Siku ambazo lori litakawia hazimo katika hesabu hiyo. Hilo ni pengo kubwa, na mfano wa kulieleza unatoka mbali na barabara ya Singida kwenda Dodoma. Ni biashara ya kupeleka shehena kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambako wasafirishaji binafsi wamekuwa wakichelewa tangu mwanzo.

Biashara hiyo si ya Wamarekani peke yao. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, ilisafirishwa kama mzigo ndani ya chombo cha kampuni ya SpaceX mwezi Aprili 2018, ikaachiwa kutoka kituoni Mei 11. Ile ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilipakiwa katika chombo cha Cygnus cha kampuni ya Northrop Grumman mwezi Novemba 2022. Safari iliahirishwa kwa siku moja kwa sababu king'ora cha moto kililia katika ofisi ya kuongozea chombo. Iliporuka Novemba 7, moja ya mabawa mawili ya umeme wa jua ya chombo hicho lilikataa kufunguka. Hata hivyo mzigo ulifika, na setilaiti ikaachiwa Desemba 2.

Jambo la kuangaliwa na mwenye mtaji ni mikataba. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoanza kutafuta wasafirishaji binafsi mwaka 2006, halikutoa fedha zote mkononi. Kila kampuni iliwekewa hatua za kazi, na hatua ikikamilika ndipo malipo yake yanatoka. Kampuni ya Rocketplane Kistler, iliyoahidiwa dola milioni 207, ilishindwa kukusanya mtaji wake yenyewe. Mwaka 2007 ikaachishwa, ikiwa imekwisha kupokea kiasi cha dola milioni 32 tu. Nafasi yake ilichukuliwa na Orbital Sciences mwaka 2008. Desemba mwaka huo SpaceX ikapewa mkataba wa safari 12 kwa dola bilioni 1.6, na Orbital safari 8 kwa dola bilioni 1.9.

Je, utaratibu huo ulizuia ucheleweshaji? Haukuzuia hata kidogo. SpaceX ilianza safari za mkataba Oktoba 2012 na Orbital Januari 2014, zote zikiwa nyuma ya ratiba. NASA ililazimika kuitumia safari ya mwisho ya chombo chake cha zamani, Julai 2011, kujaza stoo ya kituo kwa sababu wasafirishaji wapya walikuwa hawajawa tayari. Malipo ya hatua hayamharakishi mchelewaji, ila humlinda mwenye mzigo asipoteze fedha pamoja na muda.

Akiba hiyo na desturi ya kutumia zaidi ya msafirishaji mmoja vilipimwa vikali baadaye. Oktoba 28, 2014 roketi ya Orbital ililipuka sekunde chache baada ya kuondoka. Aprili 28, 2015 chombo cha mizigo cha Urusi kilipotea. Juni 28 mwaka huo roketi ya SpaceX nayo ikasambaratika angani. (Tarehe 28 zote tatu, mwenye kuamini nuksi atapata la kusema.) Kituo hakikufungwa, kwani kilikuwa na akiba ya miezi kadhaa, na Agosti chombo cha Japani kikafikisha mzigo. Orbital, badala ya kukaa na shehena, ilikodi roketi ya kampuni nyingine na kurudi kazini Desemba 2015.

Mwaka 2025 uharibifu ulitokea njiani kama unavyoweza kutokea hapa Manyoni. Chombo kimoja cha Cygnus kiliharibika kikiwa ndani ya kontena, kikisafirishwa kwenda Florida, na safari yake ikasitishwa. NASA ikapanga upya mzigo wa safari ya SpaceX ya Aprili ili kibebwe chakula zaidi.

Mwenye vitunguu katika soko la Misuna atasema NASA ina mfuko mnene, naye hana uwezo wa kukodi malori mawili kwa mzigo wa lori moja. Ni kweli. Tena, kuwa na wasafirishaji wawili si dawa ya bei: Mkaguzi Mkuu wa NASA aliripoti Aprili 2018 kwamba gharama ya SpaceX kwa kilo ingepanda kwa karibu asilimia 50 katika mkataba wa pili. Lakini wafanyabiashara watano wanaopakia pamoja wanaweza kugawa magunia yao katika malori ya wenye mali wawili tofauti, na hilo haliongezi nauli sana. Lori moja likikwama, hakuna atakayepoteza vyote.

Vitunguu na alizeti havifanani katika jambo hili. Kitunguu kikikaa juani ndani ya gunia kinaoza, na hasara inaonekana kwa macho. Alizeti haiozi upesi, na ndiyo maana wengi huona kuchelewa kwake si kitu. Wakati huo riba ya mkopo inaendelea kuhesabiwa, na bei haimsubiri mtu. Msimu wa 2023, bei ya alizeti ilipoporomoka, gunia lililochelewa kufika kiwandani liliuzwa kwa bei nyingine kabisa.

Kwa hiyo mapatano ya mdomo na dalali hayatoshi. Karatasi moja yenye saini mbili iandikwe siku ya kupakia, siku ya kufika, kiasi cha nauli kinacholipwa wakati wa kupakia na kinachobaki hadi mzigo upokelewe, pamoja na makato kwa kila siku itakayozidi. Wenye malori watalalamika, na baadhi wataongeza nauli kufidia makato hayo. Nyongeza hiyo ikubaliwe endapo ni ndogo kuliko hasara ya siku tatu. Mapatano ya namna hiyo hupatikana kwa urahisi kabla ya mavuno, malori yanapokuwa bado yanatafuta mzigo.