Kati ya Mtalii na Mke wa Mtu: Sheria Isiyowajua Wachumba

Sheria zetu za uhamiaji zinamtambua mgeni kwa sura nyingi. Zinamjua mtalii, mwekezaji, mwajiriwa, mwanafunzi, mtafiti, mmisionari, mtu wa kujitolea, na mke au mume wa mtu. Asiyejulikana kabisa ni mchumba. Kijana wa Mbagala anayependana na binti wa Kampala, au binti wa Mwananyamala mwenye mchumba wa Lubumbashi, akiuliza ni kibali gani kitakachowawezesha kuishi mji mmoja kwa mwaka mmoja, wafahamiane, waonane na wazee, kisha waamue, jibu la sheria ni moja: fungeni ndoa kwanza. Ninadai kwamba jibu hilo ni baya kwa vijana, ni baya kwa serikali, na ni baya zaidi kwa ndoa yenyewe.

Hapa sizungumzii kikundi cha watu wawili watatu. Dar es Salaam ni mji wa bandari, vyuo na mabasi ya kuvuka mipaka. Vijana hukutana darasani, sokoni Kariakoo, kazini, kanisani na kwenye simu zao. Na mji huu umezoea wageni wanaogeuka wenyeji. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alikuja hapa mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Alifariki mwaka 2010 akiwa mtu wa hapa kiasi kwamba kipande cha Sinza, iliyokuwa ndani ya Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya, kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Mitaa yetu inajua kumpokea mtu kabla hajajua atakaa au ataondoka. Sheria ndiyo isiyojua.

Tuzipitie njia zilizopo kama anavyozipitia kijana mwenyewe. Viza ya kawaida ni ya siku zisizozidi 90, ada yake dola 50 kwa raia wa nchi nyingi, na kazi ni marufuku. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana nafuu: Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inawapa pasi isiyo na ada ya kukaa hadi miezi sita. Hata hivyo, hiyo nayo ni pasi ya mgeni anayetembea. Kibali cha ukaazi cha Daraja A ni cha mwenye mtaji. Daraja B ni cha mwenye ajira, na chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 mwajiri lazima kwanza apate kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi na aonyeshe kwamba amemtafuta Mtanzania akamkosa. Daraja C linawahusu wanafunzi, watafiti, wamisionari na wanaojitolea. Mwanafunzi akihitimu, sababu ya kibali chake inakufa siku hiyo hiyo. Mwisho kabisa ipo pasi ya mtegemezi, na kwa mtu mzima asiye na undugu wa damu na mwenyeji wake, ufunguo wake ni cheti cha ndoa.

Wenye nacho hawaoni shida. Ndani ya Kinondoni hiyo hiyo, upande wa Masaki na Oysterbay, mpenzi anayetoka Ulaya hupata kibali kupitia shirika, kampuni au mradi wa kujitolea, na hakuna anayemuuliza maadili yake. Mvuke ng'ambo ya pili, Tandika au Mtoni, ambako mwenzi ni Mrundi au Mmalawi asiye na shirika nyuma yake. Huyu atahesabu siku, atapanda basi kwenda Namanga, Kasumulu au Horohoro, atatoka na kurudi, akiomba Mungu afisa wa siku hiyo asimuulize kwa nini anarudi kila mara. Siku zikimwishia ndani, anaishi kwa kujificha, na anayeishi kwa kujificha ni mawindo ya kila mwenye sare, mwenye nyumba na mwenye kinyongo.

Anayechoka kujificha anaoa. Niliwahi kuwafundisha vijana wawili, mmoja wa Temeke na mwenzake wa kutoka Burundi. Kibali cha masomo kilipokaribia kwisha wakaandikisha ndoa bomani, bila mshenga, bila posa, na wazazi wa upande mmoja wakiwa hawana habari. Nilipowapongeza, yule binti alinijibu, "Mwalimu, hatujaoana. Tumekata karatasi." Mwaka haukuisha wakawa hawaelewani. Ndipo walipokutana na kifungu cha 100 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kisemacho kwamba hakuna ruhusa ya kufungua shauri la talaka kabla ya miaka miwili ya ndoa bila idhini ya mahakama. Na kifungu cha 101, kinachowapeleka kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Walisukumwa kuingia haraka katika nyumba ambayo mlango wake wa kutokea ni mzito.

Sheria hiyo ya Ndoa, kwa bahati mbaya kwa watetezi wa hali ya sasa, ina busara kuliko taratibu zetu za uhamiaji. Kifungu cha 9 kinaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari unaokusudiwa kudumu maisha yote ya wawili hao. Kifungu cha 16 kinataka ridhaa iliyotolewa kwa uhuru. Je, ridhaa ya mtu anayehesabu siku zilizobaki kwenye pasipoti ni huru kiasi gani? Kifungu cha 69 kinautambua uchumba: aliyeahidiwa ndoa akaachwa anaweza kudai fidia ya gharama alizoingia kwa sababu ya ahadi hiyo. Na kifungu cha 160 kinakwenda mbali zaidi. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawajua kama mke na mume, sheria inawadhania kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata dhana hiyo ikivunjwa mahakamani, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto.

Kwa hiyo maisha ambayo watu wa Dar es Salaam huyaita "sogea tukae" yana nafasi yake katika vitabu vya Jamhuri kwa zaidi ya miaka hamsini. Lakini mgeni hawezi kuifikia nafasi hiyo kihalali. Sheria moja inamwambia, kaa miaka miwili nikutambue. Nyingine inamwambia, ondoka siku ya 90. Mtu hawezi kuzitii zote mbili, na serikali inayotunga sheria mbili zisizotiika kwa pamoja haina haki ya kushangaa watu wanapozikwepa.

Najua pingamizi zitakazoletwa, na zinastahili majibu.

Ya kwanza ni maadili: kwamba kibali cha wachumba kitahalalisha kuishi kinyumba bila ndoa. Anayesema hivi aziangalie mila na dini anazozitetea. Kwa Waislamu kuna posa kabla ya nikaha. Kwa Wakristo wengi kuna mafundisho ya ndoa na matangazo ya Jumapili kadhaa. Kwa makabila yetu kuna mshenga, barua, kukaguana koo, mahari kwa awamu. Sheria yenyewe inataka notisi ya siku 21. Mila zote hizi zinakubaliana juu ya jambo moja, kwamba ndoa inahitaji muda na mashahidi. Kaunta ya uhamiaji ndiyo inayosema hapana muda. Tena kibali ninachokitetea hakimlazimishi mtu kulala nyumba moja na mwenzake. Binti wa Kampala anaweza kupanga chumba chake Chang'ombe na kumtembelea mama mkwe mtarajiwa kila Jumapili. Anayeiheshimu ndoa kweli angekuwa wa kwanza kukataa isigeuzwe muhuri wa kusafiria.

Ya pili ni ajira. Hapa hofu ni ya haki, maana vijana wetu wengi hawana kazi. Lakini kazi ina ulinzi wake tayari. Bila kibali cha kazi mgeni haajiriwi, na amri ya Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo rejareja, ufundi wa simu, uwakala wa fedha kwa simu na saluni zisizo za hotelini au za kitalii. Mtu anaweza kubishana na amri hiyo, hasa akikumbuka ahadi za Soko la Pamoja. Hata hivyo, maadamu ipo, kumpa mchumba ruhusa ya kukaa hakumpi hata meza moja ya Kariakoo. Ukaazi ni jambo moja, kazi ni jambo jingine.

Ya tatu ni usalama. Swali langu kwa maofisa ni jepesi: serikali inamjua nani vizuri zaidi, yule aliyeandikishwa kwa jina, anuani, mdhamini na barua ya serikali ya mtaa, au yule anayelala Yombo bila mwenyekiti wa mtaa kujua? Asiyesajiliwa ndiye tishio, na tunamtengeneza wenyewe.

Kuna jambo ambalo wanaharakati wa jinsia wanapaswa kulisemea kwa sauti zaidi. Mzigo wa uamuzi huu haugawanywi sawa. Chini ya Sheria ya Uraia ya 1995, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia yake ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo, inambidi apitie tajnisi ya kawaida kama mgeni mwingine yeyote. Kwa hiyo binti wa Temeke anayeharakisha ndoa ili mwenzake abaki anabeba hatari ile ile kwa malipo pungufu. Kenya iliifuta tofauti hiyo katika Katiba yake ya 2010: mume au mke, aliyeishi katika ndoa na raia kwa miaka saba anaweza kuomba. Sisi tuna Ibara ya 13 inayokataza ubaguzi, na Ibara ya 16 inayolinda maisha binafsi, familia na unyumba wa mtu. Tumeziacha zipambe kitabu.

Wengine wamejaribu, na hawakuangamia. Afrika Kusini inampa viza mwenzi asiye wa ndoa akithibitisha uhusiano wa angalau miaka miwili. Sweden inawapokea hata wapenzi ambao bado hawajaishi pamoja, wakionyesha nia ya kweli ya kufanya hivyo. Sisemi tuige kila kitu cha ng'ambo. Marekani inampa mchumba siku 90 aoe au aondoke, na Uingereza inampa miezi sita huku ikimtaka mwenyeji awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa mwaka 2024 kutoka 18,600. Huko mapenzi ya maskini hufungiwa mlango kwa hesabu. Tukitaka kujifunza, tujifunze na makosa yao pia.

Fedheha kubwa zaidi iko karibu. Katika Jumuiya yetu, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 anaweza kupata mpakani cheti rahisi cha uasilia na kuvusha mzigo wake wa maharage. Itifaki hiyo hiyo inamruhusu mfanyakazi kufuatana na mwenzi wake wa ndoa na mtoto. Mchumba hakutajwa. Tumeunda Jumuiya inayofikiria maharage kwa undani kuliko inavyowafikiria vijana ambao watoto wao ndio watakaokuwa Waafrika Mashariki wa kweli.

Napendekeza basi pasi ya uchumba, tuanze na raia wa nchi wanachama. Iwe ya miezi 12, iongezwe mara moja, ili jumla yake ilingane na miaka miwili ya kifungu cha 160. Wote wawili wawe na miaka 18 au zaidi, bila kisingizio. Mahakama ya Rufani ilishalimaliza suala la umri wa kuolewa mwaka 2019, ilipokubaliana na Mahakama Kuu katika shauri la Rebeca Gyumi. Wawe na wadhamini wawili, mmoja kutoka kila familia, na barua ya serikali ya mtaa. Ada iwe ya kulipika na mtu wa Mbagala. Pasi isitoe haki ya kazi, lakini isimzuie mwenye sifa kuomba kibali cha kazi akiwa nchini. Uhusiano ukivunjika, mgeni apewe siku 30 za kujipanga, na anayekimbia kipigo asikabidhiwe kwa aliyempiga wala kufukuzwa kabla hajasikilizwa. Masharti yawe yale yale kwa mwanamke na mwanamume.

Haya hayangoji Katiba mpya. Sheria ya Uhamiaji ya 1995 inampa Waziri mamlaka ya kutunga kanuni, na watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua jinsi rasimu ya kanuni inavyoanza: kwa dokezo la kurasa mbili kwenye faili. Wanafunzi wangu wa sheria nao wana kazi: kusanyeni mashauri ya kifungu cha 160, someni, andikeni. Wanaharakati, mnapodai marekebisho ya Sheria ya Ndoa, iingizeni Sheria ya Uraia katika dai hilo hilo.

Vijana hawa hawaombi waozwe, wala hawaombi serikali ibariki mapenzi yao. Wanaomba muda wa kujua kama wanafaana, uleule ambao wazazi wetu walipewa na koo zao pasipo kuulizwa pasipoti.