Maumivu ya Selimundu na Wanaouguza Nyumbani



Selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe nyekundu za damu mfano wa mundu hata zikaziba mishipa midogo, huleta vipindi vya maumivu makali yasiyopimika maabara, na kwa hiyo tiba yake hutegemea mgonjwa kusadikiwa. Hapo ndipo ubaguzi hupata mwanya. Nchini Marekani, ambako wengi wa wagonjwa hao ni weusi, utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba takriban nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari wachanga weupe walioulizwa waliamini walau dhana moja potofu kuhusu mwili wa mtu mweusi, kama vile kwamba ngozi yake ni nene zaidi, na waliozishika dhana hizo walikosea zaidi katika kupendekeza tiba.

Afrika Mashariki shaka hiyo huvaa sura nyingine, kwani kijana anayeomba mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, huweza kudhaniwa mraibu. Uganda imethubutu: tangu 2004 wauguzi waliopewa mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika.

Anayesahauliwa kabisa ni muuguzaji wa nyumbani, aghalabu mama au dada, anayekesha akimnywesha mgonjwa maji na kumkanda huku kibarua chake kikipotea. Yeye huijua dalili ya kwanza kabla ya daktari yeyote; ni haki aulizwe, afundishwe vipimo vya dawa, na maelezo yake yaandikwe katika faili la mgonjwa.